Dulcie Odling na Neno la Moshi wa Jirani

Mheshimiwa Kasisi, ndugu wa marehemu, majirani wa Aldersby, wafanyakazi wenzake wa zamani mliotoka Lincoln, na wewe uliyekaa benchi la tatu ukiwa na kalamu mkononi tangu wimbo wa kwanza, mimi ni Ambrose Brackenbury, mdogo wake marehemu, na nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yangu. Mwenye haraka avumilie, kwa sababu nimekagua tiketi kwenye treni miaka thelathini na moja na sijawahi kuruka behewa, tena mnajua kuwa kamati ya kijiji inataka neno fulani lichongwe kwenye jiwe la kaburi lake, na kwamba mimi ndiye niliyekataa kutia sahihi, na leo nitaeleza kwa nini nimekataa.

Marehemu Dulcie Winifred Odling alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1938 hapa hapa Aldersby, katika nyumba ya mwisho ya Njia ya Mfereji, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Herbert Brackenbury, mkulima wa viazi, na mkewe Bibi Edith. Hiyo ndiyo tarehe iliyo kwenye cheti, ingawa mama alimwokea keki kila tarehe 15, na nilipomuuliza sababu alinijibu kuwa tarehe 14 alikuwa amechoka mno hata asijue kama amezaa mtoto au mto, jibu ambalo mpaka leo sijaliamini. Mimi nilimfuata mwaka 1942, baba yetu akafariki mwaka 1951, tukabaki watatu na viazi vyetu.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1943, kisha akafaulu kwenda shule ya wasichana ya mjini mwezi Septemba 1949, ambako alimaliza mwezi Julai 1956, na huko ndiko alikoanza ugonjwa wake wa kwanza, yaani kupenda maneno ya Kiingereza yaliyokufa au yaliyokuwa mahututi. Alikuwa akirudi likizo ananitupia neno mezani na kuniacha nalo, na siku moja aliniambia mbele ya wageni niache “groak”, nikadhani ni tusi nikamshtaki kwa mama, kumbe ni neno la wazee lenye maana ya kumkodolea macho mtu anayekula ukitumaini atakukaribisha, kudoea kwa macho kwa maana nyingine, na kwa kuwa macho yangu wakati huo yalikuwa kwenye nyama ya mgeni, mama alisema kesi imekwisha. Tangu siku hiyo nilijifunza kutomwamini dada yangu anapokuwa mpole.

Tarehe 4 Machi 1957 aliajiriwa na kampuni ya vitabu ya Garside na Penfold, mjini Lincoln, kama mpiga chapa, na baada ya miaka miwili Mzee Garside mwenyewe alimhamishia chumba cha juu, kwa wasomaji wa ile iliyokuja kuwa Kamusi ya Maneno Yaliyosahauliwa. Kazi yao ilikuwa kusoma mahubiri ya kale, mashauri ya mahakama, tiba za farasi, na kila takataka iliyowahi kupigwa chapa, wakitafuta maneno ambayo hakuna anayeyasema tena, na sheria ya chumba kile ilikuwa moja, kwamba neno haliingii bila shahidi, lazima ionyeshwe nani alilisema, wapi na lini. Sheria hiyo niliipenda, maana ndiyo sheria ya tiketi. Kutoka chumba kile alituletea “overmorrow”, yaani keshokutwa, neno ambalo babu zetu walikuwa nalo wakaliangusha njiani, ndiyo maana sisi Waingereza wa leo tukitaka kuitaja siku hiyo moja tunapanga maneno manne, akatuletea “apricity”, yaani joto la jua katika siku ya baridi, akatuletea na “lanspresado”, mtu anayefuatana na wenzake baa ilhali mfukoni hana kitu, na hilo alisema anamwekea mjomba Wilf.

Sasa ninafika mwaka 1963, na naomba msiangalie viatu vyenu. Majira ya baridi ya mwaka ule wenye umri wangu mnayakumbuka, theluji ilifika kwenye madirisha, Dulcie alikuwa amekwama kwenye chumba chake cha kupanga Lincoln, mimi nilikuwa kwenye treni iliyofukiwa, na mama yetu alikuwa peke yake. Alianguka jikoni siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari, na aliyemkuta ni mtu wa maziwa, siku ya Jumatatu, tarehe 21, akiwa amekwisha kufa, na daktari alisema hakufa siku ya kwanza. Njia ya Mfereji ina nyumba saba, na madirisha ya jikoni ya nyumba zote yanaitazama dohani ya nyumba ya mama. Moshi haukutoka Ijumaa, haukutoka Jumamosi, haukutoka Jumapili, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mwanamke wa miaka sitini hawashi moto katika baridi ya kuua ng’ombe. Sikuwasamehe, nasema wazi, na dada yangu hakusema lolote, jambo lililonitia wasiwasi kuliko kama angepiga kelele.

Tarehe 11 Aprili 1964, katika kanisa hili hili, marehemu alifunga ndoa na Bwana Cyril Odling, fundi wa pampu za kukaushia mashamba, mtu mwema ambaye nilimshuku kwa miaka mingi kwa sababu alikuwa akicheka kabla kichekesho hakijafika. Walihamia nyumba ya mama, nikamuuliza Dulcie mbona anarudi kukaa kati ya watu wale, akaniambia, “Nani atawafundisha kama sisi sote tukiondoka?” Nikadhani anataka kufungua shule ya Jumapili. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Hilary, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1966, ambaye yupo hapa mbele yenu akiwa amesafiri kutoka Wellington, na ambaye akiwa na miaka saba alimwambia mwalimu wake kwamba mwalimu mkuu “ana-fudgel” ofisini. Dulcie akaitwa shuleni.

“Mama Hilary, mtoto ametoa tusi gani hili?”

“Si tusi, mwalimu. Ni neno la zamani la mtu anayejifanya anachapa kazi na huku hafanyi kitu.”

Mwalimu akatazama mlango wa mwalimu mkuu, kisha akaomba aandikiwe tahajia yake vizuri.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Watu wa kamusi wana desturi ambayo hawaitangazi, na nisingeijua kama Cyril asingeropoka siku ya Krismasi. Mwizi wa kamusi hakamatiki kirahisi, kwa sababu maneno ni ya wote, kwa hiyo wenye kamusi hutega, hupanda katikati ya maelfu ya maneno ya kweli neno moja la uongo, walilolitunga wenyewe, na kamusi nyingine yoyote ikionekana nalo, basi imenakili. Mwaka 1977 Mzee Garside alimpa mtu mmoja tu kazi ya kutunga mtego huo, akamwambia asimwambie mtu mwingine yeyote, na Mzee Garside akafariki mwaka uliofuata, kwa hiyo siri ikabaki na mtu mmoja, ambaye leo yumo ndani ya sanduku lile.

Kamusi ilitoka mwezi Septemba 1979, na humo kijiji chetu kilijikuta kikitajwa. Kwenye herufi R kulikuwa na neno “reekward”, na maana yake iliandikwa kwamba ni kutazama asubuhi moshi wa dohani ya jirani ili kujua kama ameamka mzima, desturi ya kale ya watu wa Aldersby, Lincolnshire, na shahidi wake aliandikwa kuwa ni “vinywa vya wazee wa mahali”. Jamani, furaha mliyokuwa nayo. Kijiji ambacho hakikuwa na lolote isipokuwa viazi na ukungu kikawa na neno lake. Mwaka 1981 mkalipaka kwenye kibao cha kuingilia kijijini, mkalichapa kwenye vitambaa vya kufutia vyombo, na kila mmoja wenu akamkumbuka nyanya yake aliyelitumia. Bi Enid Tasker, unisamehe, wewe ni jirani bora niliyewahi kumjua, lakini ulihamia hapa kutoka Derby mwaka 1971, nami nilikusikia kwa masikio yangu mawili ukimwambia mtu wa gazeti, “Nyanya yangu alikuwa halali bila kulitaja.”

Mimi nilizaliwa nyumba ile ile aliyozaliwa Dulcie, nikanyonya titi lile lile, nikasikiliza wazee wale wale wakizungumza mpaka nikasinzia, na neno hilo sikulisikia kamwe, wala tendo lenyewe sikuliona. Siku ya kuzindua kibao nilisimama kando yake nikamnong’oneza, “Dada, hawa wangekuwa na neno hilo, mama asingelala sakafuni siku nne.” Alinipa kipande cha mkate wa zabibu kavu, akasema, “Kula, Ambrose.” Cyril akaanza kucheka. Hapo nikajua kuna tiketi bandia kwenye treni hii, nikawa namfuatilia dada yangu kwa miaka arobaini bila kumshika.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Septemba 1998, mwaka ule ule niliostaafu mimi nikarudi kukaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na tarehe 8 Novemba 2004 alimpoteza mumewe, akamlilia sana, na nyumba ikawa kimya kwa sababu hakuna aliyecheka tena kabla ya wakati. Nikiwa nakaa hapa niliona jambo ambalo kwanza nililishuku kama ninavyoshuku kila kitu. Mlikuwa mkitazama. Mwanzoni ilikuwa majivuno tu, watalii walipokuja mlitoka nje mkainua shingo kuelekea dohani kana kwamba mmezaliwa hivyo, lakini mtu akiigiza jambo kila asubuhi mwishowe hushindwa kuliacha, na aibu nayo ina kazi yake, maana nani angekubali kuwa yeye peke yake katika Aldersby hajui alichojua nyanya yake. Nyumba zilipoacha makaa zikaingiza gesi, na moshi ukaisha, mkahamia kwenye mapazia, na pazia la jikoni likichelewa kufunguliwa mtu anavaa koti. Mnamo mwaka 2011 mlimtoa mzee Stubley bafuni akiwa bado ana pumzi, na huyo aliishi miaka mitano mingine, akakorofishana na kila mtu.

Mwezi Oktoba mwaka jana akaanza kuja Bwana Julian Pargeter, ndiye huyo wa benchi la tatu, mhariri wa sasa wa kampuni, ambaye anaiingiza kamusi kwenye kompyuta na anataka kwanza kuisafisha, aujue mtego ni neno lipi ili aling’oe. Simlaumu, ni kazi yake. Lakini alikuja mara ya kwanza na keki ya limao akasema ameioka mwenyewe, nami nikaona chini ya sahani alama ya gundi palipobanduliwa karatasi ya dukani, na tangu hapo sikumwacha peke yake na dada yangu hata dakika moja. Dulcie alimpa chai kila alipokuja, akamjibu habari za hali ya hewa, na alipoondoka aliniuliza, “Umeona anavyosema ‘mtego’? Kama mtu aliyeumwa na panya.”

Sasa ugonjwa na kifo. Jumapili, tarehe 3 Februari 2019, asubuhi, marehemu alipatwa na kiharusi akaanguka jikoni, sakafu ile ile. Bi Enid, akiwa na kikombe cha kwanza cha chai mkononi, aliona pazia la Dulcie halijafunguliwa, akasubiri amalize chai, hakuweza kuimaliza, akavuka njia akiwa na kandambili, akagonga, akaniita, na kabla sijapata viatu vyangu alikuwa amevunja kioo kwa chungu cha maua. Dulcie alikuwa hai. Alifikishwa hospitali Lincoln, akaishi siku kumi na tisa zaidi, Hilary akawahi kufika na kumshika mkono mama yake naye akijua ni nani anayemshika, na tarehe 12, alipopata nafuu ya kusema japo mdomo ulikuwa umeenda upande, nilifunga mlango nikamuuliza.

“Dada, neno la mtego ni lile la moshi, siyo?”

“Miaka arobaini, Ambrose. Treni zenu nazo ndivyo zilivyokuwa zikichelewa.”

“Kwa nini ulichagua lile?”

“Garside alitaka neno la kitu ambacho hakipo,” akasema. “Nikatafuta kitu gani kilikuwa hakipo.”

Nililia, sifichi. Halafu nikamuuliza kama niwaambie watu, akasema, “Waambie. Ila waambie wote pamoja, siku moja. Usimwambie yule wa keki peke yake.” Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 22 Februari 2019, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka themanini, binti yake na mimi tukiwa karibu naye.

Basi nimewaambia. Neno lenu ni la uongo, halikutoka kinywani mwa mzee yeyote wa mahali hapa, lilitungwa na binti wa Edith Brackenbury kwa ajili ya Edith Brackenbury, na nyanya zenu hawakulijua. Natazama nyuso zenu, naona wengine wamekasirika na Bi Enid anatafuta kitambaa chake. Nilikuwa nimejiandaa kuishia hapa. Nilingoja miaka mingi niwaambie hivyo mbele ya watu, kisha nikae chini nimeridhika, na kamati ikanunue vitambaa vingine vya vyombo.

Lakini leo asubuhi nilichelewa kuamka, kwa sababu nilikuwa nikiandika haya mpaka nikasinzia kwenye kiti, na nilichozindukia ni mlango unagongwa kwa ngumi.

“Ambrose! Uko hai?”

“Niko hai, Enid.”

“Sasa mbona unanitia kiwewe, mwanamume wewe? Fungua pazia. Tuna mazishi.”

Nilifungua pazia, nikakuta nje wamesimama watu wa nyumba nne, wamekwisha vaa nguo nyeusi, mmoja ameshika chungu cha maua. Bwana Pargeter, wewe kalamu unayo, andika hivi, kwamba neno lile lilikuwa bandia mwaka 1979, na kwamba mkaguzi wa zamani wa treni amelikagua leo saa moja na nusu asubuhi na amelikuta na mashahidi, wamesimama kwenye bustani yake. Ling’oe ukiona inafaa. Na kamati, jiwe lichongeni, natia sahihi, ila chini ya neno msiandike “lugha ya mababu zetu”, andikeni jina lake aliyelitunga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi wa zamu aliyemfukuza mtu mwenye keki wodini bila hata kumwuliza jina, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa chumba cha juu, wanakwaya, Kasisi aliyenipa dakika tano akavumilia zaidi, kina mama waliokata nyama na mikate tutakayokula tukitoka hapa, na majirani wote wa Njia ya Mfereji, ambao nimewanunia kwa miaka hamsini na sita, na leo naacha.

Dulcie, dada yangu, lala kwa amani. Mama hakutazamwa, wewe ulitazamwa.